Jina Langu Ni Juma

Nilizaliwa Jumanne, lakini naitwa Juma. Utotoni sikuona ajabu yoyote katika jambo hilo, maana kwetu Kilwa Kivinje kila mtaa ulikuwa na akina Juma wake: Juma mvuvi, Juma mrefu, Juma fundi. Ajabu niliyoiona ilikuwa nyingine. Mama yangu hakuniita Juma hata siku moja. Aliniita Baba. Jina langu lilikuwa la mzee wa ukoo wa mumewe, na mwanamke mwenye adabu hakulitamka jina la mkwe, hata likiwa la mtoto anayemnyonyesha.

Mwanangu alipopata mtoto wa kiume nilitazamia jina lirudi. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Baba, usinikasirikie. Juma ni jina la kwenye vitabu vya hesabu: Juma ana maembe matano, amekula mawili. Na tena bibi alikuwa akisema jina hilo lina habari ya utumwa." Sikumjibu siku ile. Haya ninayoyaandika ndiyo majibu yangu.

Tuanze na neno lenyewe. Juma limetoka katika Kiarabu, kwenye jina la siku ya Ijumaa, na mzizi wake una maana ya kukusanya. Siku hiyo Waislamu hukusanyika adhuhuri kusali pamoja, na sura ya 62 ya Kurani imepewa jina hilo. Kutokana na mzizi huohuo Kiswahili kimepata jamaa, jamii, jumuiya na kujumuika. Mwalimu Nyerere alipotafuta neno la siasa yake alichagua ujamaa, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 likalipeleka kila kijiji. Basi Juma na ujamaa ni watoto wa nyumba moja.

Waswahili nao walilifanyia neno hili kazi yao wenyewe. Waliifanya Ijumaa kuwa kilele cha siku saba, hata wiki nzima ikaitwa juma. Kesho yake wakaanza kuhesabu: Jumamosi ni mosi, Jumapili ni pili, mpaka Jumatano. Hapo wakaiacha hesabu yao wakachukua ya Waarabu, ambao huanza na Jumapili. Alhamisi kwa Kiarabu ni siku ya tano. Kwa hiyo wiki yetu ina siku za tano mbili, wala haina ya sita. Mtoto wa Alhamisi akaitwa Khamisi, wa Ijumaa akaitwa Juma, na msichana akaitwa Mwajuma, yaani Mwana Juma. Huko bara wakaongeza Jumanne na Jumapili. Lakini wengi wetu, kama mimi, hatukupewa jina na siku. Tumepewa na mzee aliyetutangulia.

Sasa nije kwenye neno lililomtisha mwanangu. Bibi yangu mzaa baba alinisimulia habari za mkwewe, yule ambaye jina lake ninalo, bila kulitaja jina lenyewe. Alimwita "yule mzee". Aliniambia: "Yule mzee aliletwa hapa mtoto, katika msafara, kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Siku walipofika pwani ilikuwa Ijumaa. Basi wakamwita kwa siku hiyo." Nikamuuliza, na mama yake alimwitaje? Bibi akaendelea kuchambua mchele. "Hilo alilisahau," akasema, "au hakupenda kulisema."

Kilwa Kivinje, ndugu msomaji, katika karne ya 19 ilikuwa bandari kubwa ya watumwa waliotoka nchi za Nyasa. Wengi walivushwa kwenda Unguja na Pemba kwenye mashamba ya karafuu, wengine wakabaki palepale pwani. Mtumwa alipofika alipewa jina jipya, na mara nyingi lilikuwa jina jema: Baraka, Mabruki, Feruzi, Almasi, au lilikuwa jina la siku, Juma na Khamisi. Sidi Mubarak Bombay, aliyesafiri na Burton na Speke hadi Ziwa Tanganyika mwaka 1858, alikuwa Myao aliyetekwa utotoni, akapitishwa Kilwa, akauzwa Unguja na kupelekwa India. Mubarak maana yake ni aliyebarikiwa. Bombay ni mji wa ugenini. Dunia inamjua kwa majina hayo mawili, na hakuna hata moja alilopewa na mama yake.

Hapo ningeweza kukubaliana na mwanangu kwamba Juma ni jina la utumwa. Lakini tazama upande wa pili. Tippu Tip, mfanyabiashara mashuhuri kuliko wote wa pembe na watumwa, jina lake kamili lilikuwa Hamed bin Muhammed bin Juma el Murjebi. Babu yake aliitwa Juma. Naye Cameron, Mwingereza aliyekata bara kutoka pwani yetu hadi Atlantiki, alimkuta huko Urua mwaka 1874 tajiri wa msafara aliyeitwa Juma Merikani. Kwa hiyo aliyeushika mnyororo na aliyefungwa nao waliweza kuitwa jina moja, na siku ya Ijumaa wangeweza kusimama katika safu moja msikitini, bega kwa bega. Baada ya sala mmoja alirudi kuwa bwana na mwingine kuwa mtumwa. Jina lilikuwa limeahidi mkusanyiko; watu ndio hawakuitimiza ahadi.

Ahadi hiyo ilichukua muda mrefu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na kwetu Tanganyika mwaka 1922.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Nimeufikiri sana usemi huu, maana asili yangu mimi ni mtumwa mwenyewe. Nikimwacha yule mzee kwa kuwa aliuzwa, nitakuwa nimemuuza mara ya pili. Jina alilopewa na wenye mali yeye alilifanya lake: alilioa nalo, akalilea nalo watoto, akaliachia ukoo, mpaka wake za ukoo wakaona haya kulitamka kwa heshima yake. Tangu hapo akina Juma wengine wamelipeleka mbali. Juma Ikangaa alishinda mbio za marathoni za New York mwaka 1989. Dokta Omar Ali Juma alikuwa Makamu wa Rais wa Tanzania hadi alipofariki mwaka 2001. Profesa Calestous Juma wa Kenya, aliyefariki mwaka 2017, alifundisha Chuo Kikuu cha Harvard.

Mjukuu wangu alipewa jina jingine, zuri, na mimi nililipokea. Alipotimiza umri wa kwenda shule nilimsindikiza kuandikishwa. Mwalimu aliuliza jina la mtoto, akaandika. La baba, akaandika. La babu, nikamtajia. Niliitazama ile karatasi kwa muda. Yule mzee alifika pwani akapewa jina moja tu, bila la baba wala la babu la kulifuata. Mtoto huyu ana majina matatu, na la mwisho ni Juma.