Oksijeni: Tele miambani, haba majini

Oksijeni ni elementi yenye nambari ya atomu 8. Haina rangi, harufu wala ladha, na ikipozwa hadi nyuzi 183 chini ya sufuri hugeuka kioevu cha samawati hafifu.

Wengi huijua kama sehemu ya hewa, ambamo ni takriban asilimia 21 ya ujazo. Hata hivyo, karibu asilimia 46 ya uzito wa gamba la dunia ni oksijeni iliyofungamana na elementi nyingine. Mchimbaji wa dhahabu katika Kaunti ya Migori anapoponda mwamba mweupe wa kwatzi, zaidi ya nusu ya uzito wa anachokiponda ni oksijeni. Dhahabu yenyewe haishiki kutu, lakini sianidi inayotumiwa kuitoa kwenye mchanga haiwezi kuiyeyusha pasipo oksijeni.

Maji nayo ni oksijeni kwa asilimia 89 ya uzito wake. Ajabu ni kwamba samaki hawezi kuitumia hiyo. Hutegemea ile kidogo iliyoyeyuka majini. Kwenye usawa wa bahari, lita moja ya maji ya nyuzi 25 hubeba miligramu 8 hivi. Ziwa Victoria, lililo zaidi ya mita 1,130 juu ya bahari, hubeba pungufu ya hapo, ilhali lita moja ya hewa ina zaidi ya miligramu 200.

Akiba hiyo finyu ndiyo roho ya wafugaji wa ngege katika vizimba vya Homa Bay na kwingineko katika Ghuba ya Winam. Mbolea na majitaka hustawisha miani, ambayo mchana hutoa oksijeni na usiku huila. Ndiyo maana saa za hatari ni kabla ya mapambazuko. Pepo nazo zikiyavuruga maji, yale ya chini yasiyo na oksijeni huibuka juu. Samaki huru huhama. Aliye kizimbani hana pa kwenda. Mwaka 2022 samaki wengi wa vizimbani walikufa upande wa Kenya wa ziwa hilo.

Gugumaji likitanda huzidisha dhiki, kwa kuzuia mwanga na kuoza chini. Mbuta, anayehitaji oksijeni nyingi, hulikimbia tabaka hilo. Kamongo hasumbuki: ana mapafu, hivyo huibuka na kuvuta hewa.