Safari ya Wazee na Mlo wa Pamoja



Mlo wa pamoja katika kanisa si jambo geni. Mtume Paulo aliwakemea Wakorintho kwa kuwa wengine walitangulia kula, na maskini wakabaki na njaa. Mezani ndipo udugu hujulikana.

Kwa wazee wa kanisa mjini Mombasa, matembezi ya siku moja yana maana zaidi. Ng'ambo ya kisiwa iko Freretown, iliyoanzishwa na Church Missionary Society mwaka 1875 iwe makao ya watumwa waliokombolewa baharini. Mbele yake, bara, iko Rabai, ambako Krapf na Rebmann walifanya makao mwaka 1846. Watoro wengi walikimbilia huko na vituo vingine vya misheni. Mwanzoni mwa 1889 zaidi ya 1,400 walipata hati za uhuru, mabwana zao wakalipwa fidia.

Hesabu hiyo imeandikwa. Habari za kila nyumba zimo vinywani mwa wazee. Waketipo pamoja baada ya chakula, hutajiana mababu, na kijana agawaye maji husikia. Kwa hiyo nauli na wali wa siku hiyo visihesabiwe kuwa anasa.