Mkasi wa Shashi: kutoka Chuma hadi Kauri
Joseph Lister, mpasuaji aliyetangaza mwaka 1867 tiba ya vidonda kwa asidi ya kaboliki, yaani dawa ya kuua vijidudu, baadaye alifunika vidonda kwa shashi, kitambaa chepesi chenye nyuzi zilizoachana, kilichokunjwa tabaka 8 na kutiwa dawa hiyo. Na mkasi wa bendeji unaoitwa kwa jina lake una ncha butu, bapa, ipitayo chini ya kitambaa bila kuchoma ngozi. Mkasi wa chuma cha kawaida, hata hivyo, hushika kutu ukiachwa katika maji ya chumvi. Mwaka 1975 watafiti wa Australia walieleza namna ya kuiimarisha zirkonia, kauri ngumu isiyoshika kutu kamwe, ambayo hatimaye ilitumiwa kutengenezea mikasi. Lakini kauri humeguka ikipindwa au ikianguka sakafuni, kwa hiyo wodini chuma cha pua, yaani kile kinachostahimili kutu, bado kinastahili kutangulizwa.