Kuonja, Kukeneka na Kupigwa Marufuku: Historia Fupi ya Vinywaji Vikali vya Kienyeji na Majina Yake

Utangulizi

Mwalimu anapofundisha msamiati wa vyakula na vinywaji katika darasa la Kiswahili hapa Kigali, aghalabu huulizwa maswali ambayo kamusi haimsaidii sana. Urwagwa kwa Kiswahili ni nini? Atajibu: pombe ya ndizi. Ikigage je? Pombe ya mtama. Na kanyanga? Hapo mwalimu husita. Akisema gongo, amemchukua mwanafunzi Tanzania. Akisema chang'aa, amempeleka Kenya. Akisema waragi, amemvusha mpaka wa Gatuna hadi Uganda. Kila jina lina nchi yake, sheria yake na historia yake.

Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa ufupi historia hiyo. Tutafanya hivyo kwa kulinganisha vinywaji vyetu na vile vya Meksiko vinavyotokana na mmea wa agave, ambavyo leo husifiwa duniani kote kwa ladha zake zisizo za kawaida. Swali letu la msingi ni hili: kwa nini kinywaji cha mkulima wa Meksiko kimepata heshima ya kisheria, ilhali kinywaji cha mkulima wa Maziwa Makuu kimebaki kuitwa pombe haramu? Nasi tunaofundisha lugha, tunahusikaje na jambo hilo?

Mmea mmoja, matumizi mawili

Agave si mgeni kwetu. Mkonge, unaotoa nyuzi za katani, ni wa jamii hiyo hiyo ya mimea. Jina lake la kimataifa, sisal, limetokana na bandari ya Sisal katika jimbo la Yucatán nchini Meksiko. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo, aliingiza miche ya mkonge Tanganyika kutoka Florida, Marekani. Kati ya miche 1000 iliyosafirishwa, ni isiyozidi 70 tu iliyofika ikiwa hai. Kutokana na miche hiyo michache yalizaliwa mashamba makubwa ya Tanga, Morogoro na kwingineko. Hapa Rwanda mmea huo huitwa umugwegwe, na nyuzi zake hutumika kusokotea kamba na kusukia vikapu.

Sisi tuliupokea mmea huu kwa ajili ya kamba na magunia. Wenyeji wa Meksiko walikwisha kuujua kwa karne nyingi kama chakula, nyuzi na kinywaji. Neno meskali lenyewe limetoka katika lugha ya Kinahuatl, na maana yake ni agave iliyookwa. Tekila, inayofahamika zaidi katika hoteli za Kigali, ni aina mojawapo tu ya vinywaji hivyo. Hutengenezwa kwa agave ya buluu, hasa katika jimbo la Jalisco. Inafaa tukumbuke kwamba katika mmea huu kinachotafutwa ni kiini, yaani shina nene linalobaki baada ya majani yote kukatwa. Mkulima hungoja miaka sita, minane au hata zaidi kabla ya kuvuna, na akivuna mmea huo umekwisha.

Shimo la Meksiko na urwina wa Rwanda

Namna ya kutengeneza meskali ya kienyeji ingemshangaza mzee wa Rwanda kwa jinsi inavyofanana na mambo anayoyajua. Mafundi wa Oaxaca huchimba shimo ardhini, huwasha kuni, huyapasha moto mawe, kisha hupanga viini vya agave juu ya mawe hayo na kuvifunika kwa udongo kwa siku kadhaa. Moshi wa shimo hilo ndio unaobaki ulimini mwa mnywaji. Baada ya hapo viini husagwa, huachwa vichachuke, na maji yake hukenekwa mara mbili.

Urwagwa nao huanzia shimoni. Shimo hilo kwa Kinyarwanda huitwa urwina, na kitendo cha kuivishia ndizi humo huitwa gutara. Shimo hupashwa joto kwa majani makavu yanayochomwa, ndizi hupangwa, kisha hufunikwa kwa majani ya mgomba na udongo. Zikiiva humenywa na kukandwa pamoja na nyasi za ishinge katika umuvure, yaani chombo kirefu cha mti uliochongwa mithili ya mtumbwi. Maji matamu yanayotoka huitwa umutobe. Yakitiwa unga wa mtama uliokaangwa na kuachwa kwa siku mbili tatu, hugeuka urwagwa. Ikiongezwa asali, hupatikana inkangaza, kinywaji chenye nguvu zaidi ambacho hakikuwa cha kila siku wala cha kila mtu.

Tofauti kubwa ni hii: moto wa Meksiko hupika, wa Rwanda huivisha tu; meskali hukenekwa, urwagwa huchachuka basi. Hata hivyo, mashimo yote mawili hufanya kazi moja, nayo ni kugeuza wanga kuwa sukari na kuacha alama ya moshi katika ladha.

Kuna ladha za Meksiko zinazoshangaza zaidi. Meskali iitwayo pechuga, maana yake kidari, hukenekwa mara ya tatu pamoja na matunda, na kidari kibichi cha kuku au bata mzinga huning'inizwa ndani ya chombo ili mvuke upite juu yake. Kinywaji hicho hutengenezwa kwa ajili ya harusi na sikukuu. Msomaji asicheke haraka. Kusini mwa Tanzania, katika Mtwara na Lindi, mabibo ya mikorosho hukamuliwa na kupatikana uraka, na uraka nao hukenekwa kuwa kinywaji kikali. Kilimanjaro kuna mbege ya ndizi na ulezi, yenye uchungu wa gome la mti. Iringa kuna ulanzi unaogemwa katika mianzi. Kila jamii hutumia kilichopo shambani kwake, na lililo la ajabu kwa mgeni ni la kawaida kwa mwenyeji.

Kusogongera

Katika utamaduni wa Rwanda, pombe ilikuwa kauli. Haikuwezekana kuomba mchumba, kutoa mahari, kumaliza ugomvi au kumshukuru jirani bila chungu au kibuyu cha pombe. Wanywaji waliketi pamoja na kupokezana umuheha, yaani mrija mmoja. Lakini kabla ya mgeni kunywa, mwenyeji alipaswa kuonja kwanza mbele ya macho ya wote. Kitendo hiki huitwa gusogongera.

Kiswahili kina kitenzi kuonja, lakini kuonja kwa mpishi jikoni si kusogongera. Mwenye kusogongera hutoa ahadi mbili kwa wakati mmoja: kwamba kinywaji ni kizuri, na kwamba hakina sumu. Ni ushahidi wa hadharani. Tutaona hapa chini kwamba ushahidi huo ndio uliopotea pombe ilipohamia gizani.

Ikigage nacho kilikuwa na cheo chake. Katika Umuganura, sherehe ya mavuno ya kwanza, mtama ndio uliotangulia. Mwaka 1925 utawala wa Wabelgiji uliikomesha sherehe hiyo katika ngazi ya ufalme, na Gashamura, aliyekuwa msimamizi wake, akapelekwa uhamishoni Burundi. Serikali ya Rwanda iliirejesha rasmi mwaka 2011, na sasa huadhimishwa kila Ijumaa ya kwanza ya Agosti.

Kukeneka kulivyoingia

Lugha yenyewe inatuonyesha kwamba ukenekaji ulikuja baadaye. Kwa vinywaji vya kuchachuka tuna maneno ya kale: tembo, mgema, kugema, kwa Kinyarwanda inzoga na kwenga. Methali ya mgema anayesifiwa akalitia tembo maji haihitaji kufafanuliwa kwa Mswahili yeyote. Kwa vinywaji vya kukenekwa, majina mengi ni ya kuazima au ya mafumbo. Araki ni neno la Kiarabu lenye maana ya jasho, kwa kuwa kinywaji hudondoka tone kwa tone kama jasho. Konyagi inatukumbusha konyaki ya Wafaransa. Moshi ni mvuke. Gongo ni rungu. Machozi ya simba hayahitaji maelezo.

Huko Uganda na Kenya, ujuzi huu unahusishwa na askari wa Kinubi waliotoka Sudani, wale waliokuwa chini ya Emin Pasha na ambao Lugard aliwachukua mwaka 1891. Walipopewa makazi, pamoja na Kibera jijini Nairobi, jini ya Kinubi ilipata sifa kubwa. Justin Willis, mwanahistoria aliyechapisha mwaka 2002 kitabu kizima juu ya historia ya pombe Afrika Mashariki, ameonyesha jinsi pombe ilivyofungamana na swali la nani ana mamlaka juu ya nani.

Mkono wa sheria

Marufuku haikuanza na serikali zetu. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliweka vizuizi kwa vinywaji vikali katika eneo la Afrika lililo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta. Mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919 uliongeza katazo la kutengeneza vinywaji vya kukenekwa. Mzungu aliendelea kunywa wiski yake. Mwafrika akikutwa na mtungi na bomba alikuwa mhalifu. Bia ya kiwandani ilipofunguliwa njia, nayo ilikuja na heshima ya chupa. Hapa Rwanda kampuni ya Bralirwa ilianzishwa Gisenyi mwaka 1957, na bia ya Primus ikaanza kutengenezwa mwaka 1959.

Baada ya uhuru kila nchi ilishika njia yake. Uganda, katikati ya miaka ya 1960, iliwapa leseni wakenekaji wa enguli ili wauze kiwandani, ambako ilisafishwa na kuuzwa kama Uganda Waragi. Tanganyika ilikuwa imekwisha kuungana na Zanzibar ilipotungwa sheria ya moshi ya mwaka 1966, iliyotaka leseni. Kenya ilipiga chang'aa marufuku kabisa mwaka 1980, kisha ikaondoa marufuku hiyo kwa sheria ya mwaka 2010. Rwanda imeihesabu kanyanga pamoja na dawa za kulevya, na agizo la Waziri wa Afya la mwaka 2019 liliiweka katika orodha hiyo.

Hatusemi kwamba serikali zinaogopa kivuli. Novemba 2000, jijini Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa kwa kinywaji kilichotiwa methanoli. Watu walikiita kumi kumi kwa sababu ya bei yake ya shilingi kumi. Mwishoni mwa mwaka 2021 watu kadhaa walikufa Kigali na Bugesera kwa sumu hiyo hiyo. Lakini tutofautishe mambo. Methanoli haionjeki kwa ulimi; mfanyabiashara aliyejificha hasogongeri mbele ya wateja wake. Mtengenezaji asiyejulikana jina hana sifa ya kuilinda.

Meksiko nayo ilipitia njia hii. Mwaka 1785 mfalme wa Hispania alipiga marufuku vinywaji vya agave. Miaka kumi baadaye mrithi wake akaipa familia ya Cuervo ruhusa ya kutengeneza. Katika jimbo la Sonora, kinywaji kiitwacho bakanora kilipigwa marufuku mwaka 1915 na kikabaki haramu hadi mwaka 1992. Kwa miaka 77 mafundi walikeneka milimani kwa kujificha. Kisha mwaka 2000 jina bakanora likapewa ulinzi wa kisheria, kama tekila ilivyopewa mwaka 1974 na meskali mwaka 1994. Kinywaji ni kile kile. Kilichobadilika ni kwamba jina, mahali na njia ya kutengeneza viliandikwa, na vikawa na wa kuwajibika.

Kazi iliyo mbele yetu

Hapa ndipo lugha inapoingia. Huwezi kulinda kitu ambacho huna neno la kukitaja. Mwonjaji wa meskali ana maneno ya moshi, udongo, tunda na jani. Kiswahili nacho hakijakosa: tuna uchachu, ugwadu, ukakasi, uchungu, ukali na utamu. Tatizo ni kwamba darasani tunaliachia neno kali libebe yote, nguvu ya kilevi na ukali wa ladha kwa pamoja. Vivyo hivyo tunaliachia neno pombe limeze urwagwa, inkangaza, ikigage na kanyanga bila kujali kipi huchachuka na kipi hukenekwa. Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, hati na maelezo ya kiafya yanahitaji tafsiri makini. Mfasiri asiyetofautisha kuchachusha na kukeneka anaweza kumfanya mkulima wa ndizi aonekane mhalifu katika karatasi.

Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, wanafunzi wanaokwenda likizo vijijini wawaulize wazee majina ya vyombo, vitendo na ladha, na wayaandike kama yanavyotamkwa. Wanaojua urwina na umuvure kwa kuvitumia wanapungua kila mwaka. Pili, tuyakubali maneno hayo katika Kiswahili chetu cha Rwanda bila kuona haya, kama Watanzania walivyoyakubali mbege na ulanzi kutoka lugha zao.

Hitimisho

Makala haya hayakuandikwa ili kuhimiza ulevi. Yameandikwa kwa sababu historia ya kinywaji ni historia ya kilimo, ya mamlaka na ya maneno. Bakanora ilirudi kutoka mafichoni kwa kuwa walikuwapo watu waliokumbuka namna ya kuitengeneza na namna ya kuitaja. Wajibu wa kwanza ni wa mafundi na wakulima, na huo wa pili ni wetu sisi tunaofundisha lugha.