Kariakoo ya Bibi

Tulishuka Stesheni asubuhi, Desemba 2005, baada ya zaidi ya usiku mzima ndani ya behewa la daraja la tatu kutoka Tabora. Nilikuwa na miaka tisa. Mama alijitwika begi la nguo, mkononi akashika kikapu, na mimi nikapewa ndoo ndogo ya asali ya kumpelekea mjomba aliyekuwa akiishi Buguruni. Uchaguzi mkuu ulikuwa umemalizika siku chache tu nyuma na kuta za mji zilikuwa bado zimejaa picha za wagombea wakitabasamu, walioshinda na walioshindwa.

Mama alinipa sheria moja tu. "Ukinipotea, usikimbie. Simama palepale ulipo, mimi nitarudi." Aliirudia tulipovuka barabara, akairudia tena tulipofika Mnazi Mmoja, na baada ya hapo hakusema kitu kwa muda mrefu. Nilidhani amechoka. Sasa najua alikuwa anatafuta njia. Hakuwahi kufika Dar es Salaam yeye pia, na hakutaka niligundue hilo.

Alikuja kununua khanga. Alikuwa na kibanda sokoni Tabora, na mpaka wakati huo alikuwa akichukua mali kwa mfanyabiashara wa palepale mjini aliyekuwa akienda Dar kila mwezi na kuongeza bei kadiri alivyojisikia. Safari ile ilikuwa ya kumkwepa huyo bwana. Hiyo ndiyo sababu aliyoitoa nyumbani mbele ya baba. Sababu ya pili ilikuwa chini kabisa ya kikapu, ndani ya kitambaa cheupe kilichofungwa fundo: unga wa mtama, kama vikombe viwili. Unga huo alipewa na bibi.

Bibi, mama yake mama, alizaliwa baba yake akiwa ameshachukuliwa. Mwaka wenyewe tulikuwa tunausema 1917, kwa kuhesabu vita. Hadithi yake ilikuwa fupi na haikubadilika: askari wa Kongo walikuja kijijini wakachukua wanaume wa kubeba mizigo, baba yake akiwemo, alikwenda kariakoo, hakurudi. Bibi alipokuja kusikia redioni na kwa wachuuzi kwamba Dar es Salaam kuna mahali panaitwa Kariakoo, na kwamba hapo pana Mtaa wa Kongo, hakuhitaji ushahidi mwingine. Baba yake alikuwa amelala huko. Mama akiwa mziwanda, na wa kwanza katika ukoo kupata sababu ya kufika mjini, akakabidhiwa unga.

Siku ya kwanza ilikuwa ya biashara. Maduka ya jumla ya khanga yapo Mtaa wa Uhuru, na mama alishinda humo akipapasa vitambaa, akisoma majina ya khanga kwa sauti ndogo, akikataa yale aliyoona yatawagombanisha wateja wake. Alinunua korija mbili. Mwenye duka alimwita "mama wa mkoani", akampunguzia bei kidogo, na mama akafurahi jioni nzima, ingawa leo nikiikumbuka ile bei nahisi hakupunguziwa kitu.

Nje ya maduka ndipo nilipoogopa. Kwetu watu wengi namna ile nilikuwa nimewaona siku ya mnada tu, na mnada una mwisho. Hapa watu hawakuisha. Wasukuma mikokoteni walitujia wakipiga kelele, "Pisha njia! Pisha!", migongo imeinama mpaka kifua kikigusa mti wa mkokoteni, na nyuma yao mzigo ulikuwa mrefu kuliko wao. Kuli mmoja alipita na robota la mitumba kichwani, mkono mmoja umelishikilia, mwingine unapunga hewa kama anaogelea. Mama alimwangalia mpaka akapotelea kwenye kona. "Huyo Mnyamwezi," akasema. Sikujua amejuaje.

Siku ya pili tulikwenda sokoni.

Jengo la soko la Kariakoo tulilolikuta lilisanifiwa na Beda Amuli, Mtanzania, na Rais Nyerere alilifungua mwaka 1975. Ukilitazama kwa mbali, paa lake ni kundi la miavuli mikubwa ya zege iliyogeuzwa juu chini, kila mmoja ukisimama juu ya nguzo yake na kukusanya maji ya mvua, na chini yake watu wanauza na kununua kama wangekuwa chini ya miti. Mama hakuutazama usanifu. Alikuwa anatazama chini. Tulilizunguka soko mara mbili nzima kabla sijaelewa kwamba alikuwa anatafuta udongo.

Hapakuwa na udongo. Palikuwa na saruji, lami, maganda ya machungwa na maji ya samaki. Hatimaye alipata ufa kando ya mtaro, pembeni ya ukuta, palipoota majani mawili matatu. Akachuchumaa. Akafungua fundo, akachota unga kwa vidole, akaunyunyiza, akaongea Kinyamwezi kwa sauti ya chini sana, na ndani ya maneno yale nilisikia jina la mtu ambalo sikuwahi kulisikia likitajwa nyumbani. Jina hilo ninalo. Sitaliandika hapa.

Kijana aliyekuwa akifagia akatukaribia. "Shikamoo mama. Unamwaga nini hapo?"

"Marahaba. Unga tu, mwanangu."

Kijana aliutazama unga, akamtazama mama, akanitazama mimi na aibu yangu yote. Kisha akaupitisha ufagio upande wa pili, akapaacha pale palivyo.

Bibi alipopewa taarifa alitaka kujua jambo moja tu, kama pale mahali pana kivuli. Mama akamwambia kipo. Alifariki 2008, na watu waliokuwepo wanasema aliondoka kwa utulivu.

Mimi nikaja kusoma historia, kwa kiasi fulani kwa sababu ya kile kitambaa, na sasa niko katika shahada ya uzamili hapahapa Dar es Salaam. Nilipoanza kusoma juu ya Vita Kuu ya Kwanza nilikuwa na imani ya bibi. Mambo mengi yaliipa nguvu. Waingereza waliiteka Dar es Salaam tarehe 4 Septemba 1916. Kabla ya vita Wajerumani walikuwa wamepanga eneo hili liwe makazi ya Waafrika na wamejenga ukumbi mkubwa wa sherehe. Waingereza wakaufanya kambi ya kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps. Wenyeji wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Nairobi nayo ina Kariokor yake, kwa asili ileile. Baada ya vita ukumbi ukawa soko, wauzaji wakitandaza bidhaa chini hadi 1923 zilipowekwa meza za saruji. Mji ukagawanywa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na Mnazi Mmoja, ule uwanja ambao mama alinyamaza alipouvuka, ukaachwa wazi makusudi ili Uswahilini kusikaribie mno.

Kuna jambo jingine ambalo wakazi wengi wa mji huu wanalikanyaga kila siku. Kariakoo ina Mtaa wa Narung'ombe, Mtaa wa Tandamti na Mtaa wa Mahiwa. Narungombe, kusini mwa Kilwa, palipiganwa Julai 1917. Tandamuti, karibu na Lindi, Agosti mwaka huohuo. Mahiwa, Oktoba: siku nne ambazo Waingereza walipoteza zaidi ya watu 2,000, waliouawa na waliojeruhiwa. Leo kwenye mitaa hiyo unanunua vipuri, mapazia na vyombo vya nyumbani, na anayekubebea mpaka kwenye gari ni kijana mwenye mkokoteni.

Waingereza waliandikisha karibu watu milioni moja kwa kazi ya kubeba katika vita vile vya Afrika Mashariki. Wanahistoria wanakadiria kuwa karibu 100,000 walikufa, wengi si kwa risasi bali kwa kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa. Ujira wa maelfu ya waliokufa haukuwafikia watu wao. Serikali za makoloni zilibishana na London juu ya fedha hizo kwa miaka, na mabishano hayo yakaishia kwenye majalada. Sanamu iliyozinduliwa 1927 katikati ya mji, pale Samora inapokutana na Azikiwe, ni ya askari mwenye bunduki. Wapagazi wametajwa kwenye maandishi ya chini, kwa Kiingereza na Kiswahili. Sanamu ya mpagazi haipo. Nimesimama pale mara nyingi kuliko inavyohitajika kwa utafiti, na kila mara naondoka nimeudhika.

Kwa hiyo nilikuwa na kila kitu, isipokuwa Tabora.

Kosa langu lilikuwa kuisoma vita kutoka Dar es Salaam. Tabora haikuchukuliwa na Waingereza. Iliingiwa tarehe 19 Septemba 1916 na jeshi la Wabelgiji lililotoka Kongo, na Wabelgiji wakakaa mpaka mwanzoni mwa 1917. Askari wa jeshi hilo walikuwa Wakongo. Askari wa Kongo! Maneno ya bibi, yaleyale ambayo sote tuliyapitia haraka ili tufike kwenye neno Kariakoo. Hakuwa anazungumzia mtaa. Alikuwa anatupa tarehe na jeshi, kwa usahihi ambao mwanafunzi wa uzamili angejivunia, nasi tukamwelewa vibaya miaka yote.

Jeshi hilo lilichukua wapagazi katika maeneo liliyoyashika, na mwaka 1917 lilikwenda kusini mashariki likapigania Mahenge na kuingia humo Oktoba. Mtu aliyechukuliwa Unyamwezi na askari wa Kongo mwanzoni mwa 1917 alikuwa na sababu ndogo sana ya kuiona Dar es Salaam. Njia yake ilielekea Mahenge. Na neno kariakoo? Kwa watu wa kizazi kile lilikuwa jina la kazi kabla halijawa jina la mahali. Kwenda kariakoo kulikuwa ni kwenda kubeba, popote pale, kwa ajili ya jeshi lolote. Nadhani mama yake bibi alilisikia baadaye, likiwa limeshaenea nchi nzima pamoja na waliorudi, akalitumia kwa sababu ndilo lililokuwepo.

Nililijua hili Machi mwaka jana, nikiwa maktaba, na nilifunga kitabu nikaenda kunywa chai. Mwalimu wangu angelipenda. Ni sura nzuri ya tasnifu. Lakini mama angesemaje? Soko lilipoungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021 alinipigia asubuhi yake, kabla hata hajauliza kama nipo salama, akataka kujua kama moto umefika "pale ukutani". Nilikwenda mpaka polisi waliporuhusu, nikamwambia ukuta umesimama. Sikuwa na uhakika ni ukuta upi. Kwa miaka kumi na sita alikuwa na kaburi mjini, na mimi ndiye niliyekuwa mlinzi wake.

Nilikaa na siri hiyo miezi tisa. Nilijiambia nasubiri ushahidi zaidi, nikaenda Nyaraka za Taifa nikafungua majalada ya malalamiko ya ujira, nikasoma barua za maofisa wakihesabu fedha za marehemu bila majina yao. Jina lake halikuwemo, na sikutarajia liwemo. Ukweli ni kwamba niliogopa kumnyang'anya mama ile siku ya pili ya safari yetu. Ni siku pekee niliyomwona akiwa mtoto wa mtu.

Nilimweleza Krismasi, nyumbani Tabora, uani, akiwa anachambua mchele. Nilieleza vibaya, nikianza na tarehe. Alisikiliza bila kuinua macho kwenye ungo. Nilipofika kwa askari wa Kongo mikono yake ikasimama.

"Kwa hiyo hakufika Dar."

"Nadhani hakufika, mama."

"Na ule unga? Nani aliupokea?"

Nikamwambia kuhusu ile kambi, kwamba watu wengi walikusanywa pale na wengine walifia pale, Wanyamwezi wa njia nyingine, Wazaramo, Wangoni, watu wa Nyasaland, na kwamba wengi wao hakuna aliyewahi kuwafuata na chochote. Aliwaza. Akapuliza makapi.

"Basi umeliwa," akasema. Akaendelea na mchele mpaka nikadhani mazungumzo yamekwisha, nikasimama niende zangu ndani.

"We. Hiyo Mahenge," akasema, "mtu anapandia basi wapi?"

Nikamwambia unaanza na Morogoro, kisha Ifakara, na kutoka Ifakara kuna gari za kupanda mlima. Akauliza kama wakati wa mvua njia inapitika. Nikasema si sana, afadhali tusubiri Juni. Akanituma ndani nikamletee kalenda.