DECI: mbegu zilizokosa mavuno
DECI ilikuwa taasisi ya jijini Dar es Salaam, Tanzania, iliyokusanya fedha za wananchi kwa ahadi ya faida kubwa. Kutoa fedha kuliitwa "kupanda mbegu", kulipwa "kuvuna". Miongoni mwa viongozi wake walikuwamo wachungaji, jambo lililowajengea watu imani.

Hata hivyo, mavuno hayakutokana na uzalishaji: aliyetangulia alilipwa kwa fedha za aliyefuata. Katika upatu wa kawaida wanachama hufahamiana na zamu zina mwisho; DECI ilihitaji wapandaji wapya daima.

Mwaka 2009 serikali iliisimamisha na akaunti zake zikazuiwa. Mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani viongozi wake kadhaa. Waliopanda mwishoni waliachwa wakidai mbegu zao.