Kasma ya Mishahara na Sehemu ya Maoni

Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Katika miaka yangu ya ukufunzi, na baadaye ukuu wa chuo cha ualimu, nimeona kwamba bajeti nayo hukatikia pale pasipo na msemaji. Mshahara una mwenyewe atakayeudai. Chakula cha wanachuo kikikosekana, kelele husikika hadi wilayani. Lakini safari ya mkufunzi kwenda kumwangalia mwanachuo akifundisha, na saa ya kukaa naye baada ya kipindi wakaulizana lipi limekwenda na lipi limekwama, haina mtetezi.

Tuanzie mbali kidogo. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, ikikutana Musoma, iliazimia kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote ifikiwe mwaka 1977 badala ya 1989. Walimu hawakuwapo wa kutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakawa wanafundisha huku wakifundishwa, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na ziara za waratibu. Hao ndio tuliowaita walimu wa UPE, na wapo waliowacheka. Mimi sikucheka. Mpango wao ulisimama juu ya nguzo moja: kwamba mtu mzoefu angefika shuleni kumwelekeza mgeni. Kwa maneno mengine, ulitegemea petroli.

Petroli ndiyo iliyokosekana. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na bei ya kahawa, baada ya kufikia kilele mwaka huohuo, ikaanza kushuka. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, tukaingia vitani. Mwaka 1979 bei ya mafuta duniani ikapanda tena. Kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1980 mfumuko wa bei ulikuwa kama asilimia 30 kwa mwaka. Mwanzoni mwa 1986 dola moja ilibadilishwa kwa takriban shilingi 17. Mwaka huo Serikali ilipatana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na ulipokwisha dola ilikuwa imepita shilingi 50.

Walimu hawakufukuzwa. Waliendelea kulipwa, ila fedha yenyewe iliyeyuka mikononi. Kasma ya mishahara ilimeza karibu fungu lote la elimu ya msingi, na kilichobaki hakikutosha chaki. Hivyo tulifika mahali pa ajabu: Serikali ilitumia karibu kila senti kwa mwalimu, na mwalimu bado aliuza barafu na karanga ili watoto wake wale.

Chuoni kwetu gari lilikuwa juu ya mawe. Wakati huo mimi nilikuwa mkufunzi. Wanachuo waliandika andalio la somo juu ya makaratasi yaliyokwisha kutumika upande mmoja, na katika sehemu ya maoni, mwishoni, wote waliandika sentensi ileile: "Somo limeeleweka." Mkufunzi mmoja mzee alichoka nayo. Akapendekeza wanachuo waende wawili wawili katika shule tunazozifikia kwa miguu, mmoja afundishe, mwenzake atazame. Jioni tukutane chini ya mwembe, na kila mmoja ataje jambo moja lililomshinda siku ile. Wakufunzi nasi tulitakiwa kutaja yetu. Haikugharimu hata senti tano. Nathubutu kusema kwamba ufundishaji nilioujua maishani niliupata pale, baada ya kukiri mbele ya vijana kwamba nilikuwa sijui kueleza kugawanya sehemu.

Kisha yakaja mageuzi ya utumishi wa umma. Watumishi wa Serikali, waliokuwa kama 355,000 mwaka 1992, walishuka chini ya 300,000 kabla muongo haujaisha. Wakati huo nilikuwa mkuu wa chuo. Nilitakiwa kupeleka ikama pamoja na majina ya ziada. Fomu iliuliza sifa za kitaaluma na idadi ya vipindi kwa wiki. Mzee yule alikuwa na vipindi vichache kuliko wote. Nikaliandika jina lake.

Hakuna aliyenilazimisha kuliandika lile. Fomu haikuwa na mahali pa kuandika habari za mwembe, nami sikuongeza hata barua ya ukurasa mmoja. Mzee aliniaga kwa heshima, jambo lililoniuma zaidi kuliko matusi. Muhula uliofuata mikutano ya jioni ilikufa, na katika maandalio nikaanza kusoma tena: "Somo limeeleweka."

Mwaka 2002, ada ya shule za msingi ilipofutwa na madarasa yakafurika, mafunzo ya ualimu yakapangwa kuwa mwaka mmoja chuoni na mwingine shuleni. Nilitambua sura ile ya zamani: walimu wengi, upesi, kwa fedha kidogo, na tegemeo likiwa yuleyule atakayemtembelea mgeni.

Sisemi kwamba tafakuri hushibisha. Mwalimu mwenye njaa apewe mshahara kwanza, mahubiri baadaye. Nawasihi tu wanaoketi leo na fomu ya ikama mbele yao: kabla ya kuandika jina, jiulizeni mtu huyu hufanya nini baada ya kengele ya mwisho. Kama fomu haina nafasi ya jibu hilo, chukueni karatasi nyingine.